Maji yaliyokuwa juu ya chupa ya CS2 niliyamwaga nikidhani ni uchafu. Wadau, nifanyeje?

Mfua_Bika · Jumanne, saa 10:40 jioni

Mulembe wote. Naandika nikiwa nimekaa nje ya maabara kwenye kiti cha plastiki, na humo ndani sirudi mpaka nipate majibu.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya kutwa huku Kakamega. Jina la shule silitaji, unga wa watoto wangu unatoka pale. Kidato cha tatu wamefika mada ya salfa, na mwalimu wa kemia akataka waone fuwele za salfa ya rombiki (umbo mojawapo la fuwele za salfa) kwa macho yao, wasiishie kwenye mchoro wa kitabu. Kitabu kinasema uyeyushe unga wa salfa ndani ya kaboni(IV) salfaidi, uchuje, uache kimiminika kikauke. Wengine mnaijua kama kaboni disalfaidi, au CS2 tu.

Kwenye kabati la chini kulikuwa na chupa ya kahawia yenye kizibo cha glasi, ya tangu kabla sijaajiriwa. Lebo imeliwa na mende, imebaki "Carb" na nusu ya neno la pili. Nilipoiinua kwenye mwanga nikaona matabaka mawili, la juu jembamba kama maji. Nikajiambia hayo ni maji ya unyevu yameingia miaka hii yote. Nikayamwaga kwenye sinki.

Kwa wiki mbili nimekuwa nikiandaa fuwele za mikondo minne. Nafanyia stoo, chumba cha hatua tatu kwa nne, dirisha limefungwa kwa sababu mvua ya huku mnaijua, ikifika saa nane mchana inakuja na mawe. Fuwele zenyewe zilitoka safi ajabu. Unaamka asubuhi unakuta sahani imejaa vipande vya manjano vyenye pembe kali, vingine vikubwa kama punje ya mahindi.

Shida ni mimi. Harufu siku ya kwanza ilikuwa ya maji ya kabichi yaliyolala sufuriani siku tatu. Baada ya dakika kumi sisikii kitu, nikaona nimezoea. Kichwa kinagonga kila jioni. Usiku naota mambo ya ajabu mpaka mama watoto ananiamsha. Juzi nimemgombeza kwa sababu ya chumvi, na mimi si mtu wa hivyo. Halafu miguu inanichoma nyayoni, kama natembea kwenye changarawe.

Kitu kingine: nyuma ya kabati nimefagia mende kama thelathini, wote chali. Nilicheka nikasema nimepata dawa ya bure. Leo sicheki.

Omera_wa_Dunga · saa 10:52 jioni

Pole sana ndugu yangu. Kunywa maziwa nusu lita, yanakata sumu. Na hiyo chupa imwage kwenye choo cha shimo, yaishe.

Babu_Kemia · saa 11:15 jioni

USIMWAGE CHOONI. Wala kwenye sinki. Nimefundisha kemia Nakuru miaka 31 kabla ya kustaafu, na kati ya chupa zote zilizowahi kukaa kwenye kabati langu, hiyo ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Asidi unaiona ikikuunguza. Hii haikuambii kitu.

Fundi, hayo uliyoyamwaga yalikuwa maji kweli, na yaliwekwa makusudi. CS2 ni nzito kuliko maji, uzito wake ni mara 1.26, na havichanganyiki. Kwa hiyo watu wa zamani walikuwa wakiifunika kwa maji ili mvuke usitoke. Wewe umelivua blanketi.

Sasa sikiliza kwa nini naandika kwa herufi kubwa. Kitu hicho kinachemka kwenye nyuzi 46. Chai unayoinywa sasa hivi ina joto kuliko hapo. Mvuke wake unaweza kushika cheche hata kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, yaani hakuna asubuhi ya Kenya, hata ya Molo, ambapo umesalimika. Na kuna jambo ambalo petroli haina: karibu nyuzi 90 hadi 100 tu, CS2 inawaka yenyewe bila kiberiti. Sahani ya jiko la umeme uliyoizima dakika chache zilizopita inatosha. Balbu ya zamani iliyowaka muda mrefu inatosha.

Mvuke nao ni mzito mara 2.6 kuliko hewa. Haupandi kama moshi wa kuni. Unalala sakafuni, unapita chini ya mlango, unatambaa mpaka chumba cha pili kutafuta moto, ukiupata unarudi nao kule ulikotoka. Ukiungua unatoa salfa dioksaidi, ile gesi inayokaba koo. Mwaga hiyo chupa kwenye shimo la choo, halafu mwalimu wa zamu aingie na sigara yake.

Mende wako walikufa kwa sababu wao wanaishi pale mvuke ulipolala. Wewe ulisalimika kwa urefu wako tu.

Mfua_Bika · saa 11:31 jioni

Mzee wangu, nimesoma nimetoka jasho. Meza ya pili kutoka stoo tunawasha jiko la Bunsen. Jana kidato cha nne walikuwa wakichemsha chumvi zao pale, watu arobaini, na mlango wa stoo una uwazi chini unaopitisha kidole.

Babu_Kemia · saa 11:48 jioni

Basi mshukuru Mungu kisha fanya hivi. Leo usirudi. Usiguse hata swichi ya taa ya stoo, cheche ya swichi ni moto. Zima gesi kutoka kwenye mtungi wa nje. Kesho alfajiri, kukiwa baridi, fungua mlango na madirisha yote, kaa nje nusu saa uache upepo upite.

Halafu itoe chupa mpaka kivulini, nje kabisa, mbali na jikoni, na asiwepo mtu mwenye simu sikioni wala sigara. Kama kizibo kinatoka kwa urahisi, mimina maji baridi taratibu kupitia ukingo wa ndani wa chupa mpaka yafunike upana wa vidole viwili, na uache nafasi juu. Kama kimekwama, usilazimishe, kiache. Iweke chupa kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, mahali penye baridi pasipofikiwa na jua, pafungwe, ufunguo ukae na mtu mmoja. Bandika lebo mpya. Ifunike vizuri, mende wasiile tena.

Karatasi za kuchujia na vitambaa ulivyofutia, vianike nje mbali na watu mpaka vikauke kabisa. Usivitie kwenye pipa la takataka linalochomwa jioni.

Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua, aombe ofisi ya NEMA (mamlaka ya mazingira) ya kaunti imwelekeze kwa mchukuzi wa taka hatari mwenye leseni. Barua, si maneno ya korido.

Tabibu_Nyanza · saa 1:20 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi hapa Kisumu. Mimi ni tabibu, si daktari bingwa, lakini hili nitalijibu.

Kwanza maziwa. Omera, maziwa tia kwenye chai. Sumu hii imeingia kwa pua ikapita mapafuni, na nyingine kwa ngozi ya vidole. Tumboni haiko, maziwa yanaenda kukutana na nani? Mtu akiimeza, hapo pia usimtapishe, kwa sababu ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Dawa mahususi ya kuiondoa mwilini hakuna. Kinachofanyika ni kumtoa mtu kwenye hewa chafu, kumvua nguo zilizolowa, kuosha ngozi kwa sabuni na maji mengi, macho dakika 15 chini ya maji yanayotiririka, na hospitalini oksijeni na kuangaliwa moyo na pumzi. Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba kama hicho, usikimbilie ndani. Wa pili huwa anaanguka juu ya wa kwanza.

Fundi, kichwa, ndoto mbaya na ile hasira ya chumvi vinaendana kabisa na CS2. Inapenda mafuta, na ubongo na mishipa ya fahamu vina mafuta mengi. Akili inaguswa kabla mwili haujaonyesha dalili, ndiyo maana wa kwanza kujua huwa ni mke au mume wa mtu, mwenyewe bado anasema niko sawa. Ukikaa mbali nayo, hizo zinapaswa kupungua.

Kwa mtu anayeivuta miezi na miaka, hadithi ni nyingine. Mishipa ya fahamu inaharibika kuanzia vidole vya miguu, inapanda, kisha vidole vya mikono, kama mtu amevaa soksi na glavu za ganzi. Wengine wanatetemeka na kukakamaa kama wagonjwa wa Parkinson. Mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho inavimba vijipuvijipu. Mishipa ya moyo inaziba mapema. Na wako waliochanganyikiwa kabisa, wakafikia kujidhuru.

Sasa miguu yako. Hapo sishawishiki. Wiki mbili ni chache kwa uharibifu wa neva wa aina hiyo. Nijibu kwa ukweli: nyayo zilianza kuchoma lini? Unakojoa mara ngapi usiku? Umewahi kutumia dawa za TB? Unakunywa?

Kipimo cha mkojo cha CS2 kipo duniani, kinatafuta kitu kinachoitwa TTCA, lakini sampuli huchukuliwa mwisho wa zamu siku ileile. Ya wiki jana haikusaidii. Usimruhusu mtu akuuzie kipimo.

Mfua_Bika · saa 1:44 usiku

Tabibu, umenishika. Nyayo zilianza Desemba, kabla ya hii chupa. Nilidhani ni viatu. Usiku naamka mara tatu, nne. TB sijaugua. Pombe nilikunywa Jumamosi, chupa mbili tu, na uso uliwaka moto, moyo ukadunda mpaka nikalala chini. Haijawahi kunitokea.

Tabibu_Nyanza · saa 1:58 usiku

Kesho nenda kapime sukari. Siyo wiki ijayo.

Na hiyo ya Jumamosi nisingeicheka. CS2 inaingilia kimeng'enya kinachomalizia kuvunja pombe mwilini, kwa hiyo sumu ya kati inarundikana na uso unawaka. Ile dawa ya kuacha pombe, disalfiramu, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na mwilini disalfiramu yenyewe inavunjika na kutoa CS2. Viwanda vya mpira ndivyo vilivyowafumbua macho: mwaka 1937 daktari wa kiwanda kimoja Marekani aliandika kwamba wafanyakazi wa kemikali za jamii hiyo walikuwa hawawezi tena kunywa. Akina mama mnaowatilia waume zenu vidonge hivyo kwenye mchuzi kwa siri, acheni. Mtu mwenye moyo mbovu anaweza kufia mezani.

Kijana_wa_Milimani · saa 2:10 usiku

Nauliza kwa niaba ya rafiki. Inagusa nguvu za kiume?

Tabibu_Nyanza · saa 2:25 usiku

Mwambie rafiki inagusa. Hamu inashuka, mbegu zinaharibika, na kwa wanawake hedhi inavurugika na mimba kuharibika kumeripotiwa. Hilo ni la watu wa viwandani wa miaka mingi, si la aliyepita karibu na stoo ya Fundi.

Babu_Kemia · saa 2:40 usiku

Mwaka 1856 daktari mmoja wa Paris, Auguste Delpech, alieleza wafanyakazi wa mpira waliokuwa wakitumia CS2 kulainisha na kuimarisha mpira mwembamba. Walikuwa wakitengeneza vibofu vya kuchezea na kondomu. Mwanzoni wanachangamka kupita kiasi, wanacheka, wanapigana, tamaa inapanda. Baadaye wanalegea, kumbukumbu inapotea, nguvu zinaisha. Yaani waliokuwa wakitengeneza kondomu ndio hawakuwa na kazi nazo. Uingereza nako, Thomas Oliver aliandika habari za kiwanda cha mpira kilichotia nondo madirishani kwa sababu wafanyakazi waliopagawa walikuwa wakijirusha nje. Walitia nondo. Feni hawakutia.

Mama_Cherehani · Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Nimesoma uzi wote nikiwa hapa soko la Nakuru na majora yangu. Mtoto wangu ameniambia vitambaa vya viskosi vinatengenezwa kwa hiyo kitu. Mimi nashona madera ya viskosi mwaka wa kumi na moja. Nianze kuogopa?

Babu_Kemia · saa 2:50 asubuhi

Usiogope kitambaa, mama. Mtoto wako kasema kweli, lakini sumu ilibaki kiwandani. Viskosi ni nyuzi zilizotokana na mti. Unaloweka rojo la mti kwenye magadi makali (kostiki soda), unalichanganya na CS2 linakuwa uji mzito wa rangi ya asali, kisha unaukamua kupitia vitundu vidogo ndani ya asidi, unakuwa uzi. Waingereza Cross, Bevan na Beadle waliisajili njia hiyo mwaka 1892. CS2 inatoka palepale uzi unapozaliwa, na anayesimama pale ndiye anayeivuta. Jora lilipofika kwako lilishaoshwa na kukaushwa mara nyingi.

Aliyelipia dera hilo ni mtu mwingine. Mwaka 1968 watafiti Waingereza walionyesha kwamba wafanyakazi wa viskosi waliokaa karibu zaidi na CS2 walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara mbili na nusu ya ilivyotarajiwa. Finland waliona mambo hayohayo, wakapunguza kiwango kinachoruhusiwa kazini mpaka sehemu 10 katika milioni mwaka 1972, na vifo vya moyo vikashuka. Hapo ndipo ninapowapenda Wafini: hawakungoja kongamano.

Korea Kusini je? Kiwanda cha Wonjin kilinunua mashine zilizotumika Japani. Mamia ya wafanyakazi wakapooza, wakachanganyikiwa, figo na mioyo ikaharibika. Kiwanda kikafungwa mwaka 1993. Na mashine? Zikauzwa China.

Mama_Cherehani · saa 3:01 asubuhi

Zikauzwa! Eh. Asante mzee wangu.

Mkulima_Kiminini · saa 4:30 asubuhi

Hiyo habari ya mende imenigusa. Mimi nanunua mahindi Kitale na Kiminini, naweka stoo nikingoja bei. Natumia tembe za kufukizia, zile za kijivu. Mzee mmoja aliniambia zamani Wazungu walikuwa wakiua fukusi kwa dawa ya maji inayonuka kabichi. Ndiyo hiyo? Na tembe zangu ni ndugu yake?

Babu_Kemia · saa 5:12 asubuhi

Mzee wako hakukudanganya. CS2 ilifukiza nafaka ulimwenguni tangu karne ya 19, na Ufaransa waliidunga ardhini kuokoa mizabibu iliyokuwa ikiliwa mizizi na mdudu wa filoksera. Baadaye Marekani waliichanganya na kaboni tetrakloridi, sehemu 20 kwa 80, ili isilipuke. Wafanyakazi wa maghala nao wakaanza kutetemeka mikono, ikaachwa. Kwa hiyo Fundi amefukiza mende wake kwa dawa halisi, ila hakujua.

Tembe zako si ndugu. Hizo ni alumini fosfaidi. Zikikutana na unyevu wa hewa zinatoa gesi ya fosfini. Tembe moja ya gramu 3 inatoa gramu 1 ya gesi.

Tabibu_Nyanza · saa 7:15 mchana

Si ndugu, lakini ni jirani mbaya. Fosfini nayo haina dawa ya kuipindua, na hiyo haisubiri miaka. Kosa ninaloliona kila msimu wa mavuno ni lilelile: magunia yako chumbani, familia inalala chumba cha pili, ukuta haufiki kwenye bati. Usiku watoto wanatapika, wazazi wanadhani ni chakula. Mkulima, stoo yako iko wapi?

Mkulima_Kiminini · saa 7:22 mchana

Iko nyuma ya jiko. Vijana wawili wa kupakia huwa wanalala juu ya magunia kulinda.

Tabibu_Nyanza · saa 7:24 mchana

Watoe leo. Nipigie simu niongee nao kama hawataki, nakutumia namba kwa ujumbe wa siri.

Mkulima_Kiminini · saa 9:40 alasiri

Wametoka. Wamenuna, lakini wametoka. Nimewapa chumba cha mbele.

Nyanya_Bahati · saa 10:03 jioni

Na sisi wa nyanya? Afisa alisema mabaki ya mankozebu, ile dawa ya ukungu, yanapimwa kwa CS2.

Babu_Kemia · saa 10:20 jioni

Ni kweli. Mankozebu iko kwenye ukoo wa dithaiokabameti. Maabara inachemsha nyanya zako ndani ya asidi, dawa inavunjika inatoa CS2, wanaipima hiyo kujua ulipulizia kiasi gani. Haimaanishi nyanya inatoa mvuke sokoni. Kwako hatari ni dawa yenyewe: Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa kibali tena mwishoni mwa 2020, hasa kwa sababu ya uzazi na homoni. Heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna, na usichanganye kwa mkono mtupu kama ninavyowaona watu wa Bahati wakifanya.

Shopstiwadi_Nakuru · saa 2:15 usiku

Nimekaa kimya kwa sababu hili ni la kwangu. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha tairi za ritredi, yaani tairi kuukuu zinazovalishwa mpira mpya, eneo la viwanda. Hatununui CS2, lakini baadhi ya dawa za kuharakisha mpira kuiva zinaitoa zikipata joto. Tukifungua tanuri asubuhi, harufu ile ya Fundi inatoka kwa dakika mbili, kisha pua inanyamaza. Kwa miaka tuligawiwa barakoa za kitambaa na glavu nyembamba za hospitali. Siku moja nikaomba karatasi ya usalama ya ile dawa. Msimamizi akaniambia karatasi iko kwa Kiingereza sitaelewa. Nikamwambia mwanangu anasoma chuo.

Barakoa ya kitambaa, hata ile ya N95, inazuia vumbi. Mvuke unapita kama mbu kwenye wavu wa samaki. Inatakiwa ile ya mpira yenye mikebe ya mkaa, na mikebe ibadilishwe kwa tarehe, usingoje mpaka usikie harufu. Glavu za mpira wa hospitali CS2 inazipenya haraka. Inayoizuia ni ya aina ya Viton au polivinili alkoholi, na hiyo ya pili ikilowa maji inayeyuka. Lakini vyote hivyo ni vya mwisho. La kwanza ni kubadilisha dawa. La pili ni feni ya kuvuta, na mdomo wake uwe chini, karibu na chombo, kwa sababu mvuke hauko darini. Sisi tulidai feni. Walipoileta waliifunga juu ya dirisha, ikavuta nzi.

Sheria iko upande wetu, watu hawaisomi tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kifungu cha 14 kinasema ukiripoti hatari kubwa ya papo hapo, mwajiri hakurudishi pale mpaka airekebishe. Sheria ya fidia nayo ni ya 2007. Na ugonjwa wa CS2 umo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, hakuna atakayekuambia ni uchawi.

Viwango vya dunia havilingani. Marekani sheria inaruhusu sehemu 20 katika milioni kwa zamu ya saa nane, lakini taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini inapendekeza 1. Hiyo tofauti ya 20 na 1 ndiyo vita yenyewe. Pua inaisikia hata chini ya 1, halafu inazoea, kwa hiyo anayekwambia "sisikii harufu" hajakwambia chochote.

Omera_wa_Dunga · saa 2:50 usiku

Nimefuta maneno yangu ya choo. Fundi, sasa hao watoto watajifunza salfa namna gani?

Babu_Kemia · saa 3:05 usiku

Salfa ya monoklini, lile umbo jingine la sindano, haihitaji CS2. Unayeyusha salfa polepole kwenye bakuli la kauri, unangoja utando uanze juu, unautoboa, unamwaga iliyobaki majimaji, ndani unakuta sindano zimejaa. Madirisha wazi, kwa sababu ikishika moto utajua. Ya rombiki tayari anazo, amezitengeneza kwa wiki mbili za maisha yake. Zikishakauka kabisa nje, azitie kwenye mirija ya glasi, azibe, zitumike miaka ishirini.

Mfua_Bika · Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 11:10 jioni

Narudi na habari.

Chupa niliifunika maji alfajiri ya Jumatano. Mikono ilinitetemeka, na haikuwa CS2. Maji yaliposhuka yakaketi juu yake pole pole, mstari ukaonekana kati, uleule nilioudhani uchafu. Mwalimu mkuu kwanza aliniambia nisieneze hofu kwa wazazi. Nikampa barua, nikamwomba aweke sahihi ya kuipokea. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama ofisi yake iko mbali ya kutosha na stoo. Jana gari la wachukuzi wa taka limekuja, wameichukua pamoja na chupa nyingine nne ambazo hata lebo hazina. Stoo imetobolewa tundu la hewa chini ya ukuta, limewekwa wavu.

Kichwa kimeacha. Ndoto zimeacha. Mama watoto nimemwomba radhi ya chumvi.

Miguu, Tabibu, ulikuwa sahihi. Sukari 14.2, na ya kufunga kula kesho yake 9.1. Nimeanza vidonge. Daktari alinivua soksi akanigusa kidole cha mguu kwa uzi wa plastiki, nikamwambia hujanigusa bado. Alikuwa amenigusa mara tatu.

Tabibu_Nyanza · saa 11:32 jioni

Usitembee peku tena, hata ndani ya nyumba. Na macho uende ukapimwe, hilo usiliache.

Kijana_wa_Milimani · saa 11:40 jioni

Na mende?

Mfua_Bika · saa 11:41 jioni

Wamerudi. Lebo mpya nimeifunika kwa seloteipu.